Kuchonga Bao la Kiswahili kwa Ruta ya Mkono Inayoongozwa na Kompyuta

Fundi aliyewahi kuchimba bao la kiswahili kwa ruta ya kawaida, yaani mashine ya kuchimbia mbao kwa biti inayozunguka, anajua kwamba tabu haiko kwenye shimo la kwanza. Iko kwenye shimo la ishirini na kitu, mkono ulipokwisha kuchoka na macho yamejaa vumbi, kwa kuwa bao lina mashimo 32, na moja likipanuka kwa milimita mbili tu mchezaji ataliona kabla hajaketi. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa ruta ya mkono inayoongozwa na kompyuta. Nimelichagua bao kwa sababu linakusanya karibu kila jambo ambalo mwanafunzi wa mashine hii anapaswa kulijua: kupima, kurudia umbo lile lile, kuchimba bila kutoboa, na kukabiliana na pembe za ndani ambazo biti haiwezi kuzifikia.

Mashine ninayoizungumzia ni Shaper Origin. Asili yake ni utafiti wa Alec Rivers na Ilan Moyer, waliokuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, wakishirikiana na profesa Frédo Durand, ambao waliuwasilisha mwaka 2012 katika SIGGRAPH, mkutano wa wataalamu wa michoro ya kompyuta. Rivers alikuwa amerithi vifaa vya useremala vya babu yake, akajaribu kutengeneza fremu ya picha, na akaona kwamba kuchora mstari kwenye mbao ni rahisi kuliko kuufuata kwa msumeno. Mashine za CNC, yaani za kukata kwa kuongozwa na kompyuta, zilikuwapo tayari, lakini hizo hufungwa juu ya meza, na kazi haiwezi kuwa kubwa kuliko meza yenyewe. Wao waliugeuza mpango: mbao hutulia, mashine hutembea juu yake mikononi mwa fundi, kamera iliyo mbele ya mashine husoma alama zilizobandikwa juu ya mbao ili kujua mahali ilipo, na mota ndogo zilizo ndani huivuta biti huku na huku ili ibaki kwenye mstari hata mkono ukiyumba.

Kuyumba huko kuna mpaka wake. Mashine husahihisha milimita chache tu za mkono, na ukitoka nje ya duara dogo linaloonekana kwenye skrini, biti hupanda yenyewe na ukataji husimama. Jambo ambalo haisahihishi hata kidogo ni maandalizi. Mbao iliyopinda, alama zilizobanduka, kipimo cha biti kilichoandikwa kwa kukisia, hayo yote itayafuata kwa uaminifu mkubwa hadi kwenye kazi iliyoharibika. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mambo yanayofanywa kabla ya mota kuwashwa.

Niseme pia kwamba chombo hiki si cha kila fundi. Bei yake inapita dola 2,000 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru, na anayetengeneza mabao ya aina moja kila wiki atapata faida zaidi kwa kukata kielelezo cha plaiwudi nzito na kukifuata kwa ruta ya kawaida yenye biti ya bearingi. Ruta ya kompyuta inajilipa pale ambapo kazi hubadilika kila mara: leo bao, kesho maandishi kwenye kibao cha duka, keshokutwa nafasi za bawaba kwenye milango ambayo haiwezi kubebwa hadi kwenye mashine.

Tuanze na mbao. Vipimo ninavyovitumia hapa ni urefu wa milimita 660, upana wa milimita 340 na unene wa milimita 40. Ubao mmoja wenye upana huo ni adimu, na hata ukipatikana huwa na tabia ya kujipinda, kwa hiyo ni afadhali kuunganisha mbao mbili au tatu kwa gundi, ubavu kwa ubavu, huku duara za umri za kila ubao zikielekezwa kinyume cha jirani yake. Mninga ndio mti ninaoupendekeza kwa anayeanza, kwani hukatika vizuri, haujipindi sana na nyuzi zake hazipasuki ovyo. Mkongo ni mgumu zaidi lakini hutoa kingo safi. Mvule una kero ya peke yake: ndani yake mara nyingine hujificha vijiwe vya chokaa ambavyo humaliza makali ya biti kwa sekunde moja, na vumbi lake huwasha pua na ngozi. Msaji nao una mafuta, na mafuta hayo huzuia alama za kubandika zisishike, hivyo uso wake unapaswa kupanguswa kwa spiriti na kuachwa ukauke kabla ya hatua yoyote nyingine.

Uso wa juu upigwe randa hadi uwe bapa kabisa. Weka rula ndefu ya chuma juu yake kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, ukitazama kama mwanga unapita chini yake. Mashine huteleza juu ya uso huo na kupima kina cha shimo kuanzia hapo ilipokalia, kwa hiyo bonde la milimita moja katikati ya ubao litajitokeza tena chini ya kila shimo lililo karibu nalo.

Mchoro huandaliwa kwenye kompyuta na kuhifadhiwa kama faili ya SVG, aina ya faili ya michoro ya mistari, ambayo huingizwa kwenye mashine kwa intaneti au kwa kumbukumbu ya USB. Watengenezaji wa mashine wana programu yao, lakini Inkscape, ambayo hailipiwi, inatosha kabisa kwa kazi hii. Weka kwanza vipimo vya ukurasa kwa milimita. Kisha ingia kwenye mapendeleo ya programu na uchague ukubwa wa maumbo upimwe kwa umbo lenyewe, si kwa umbo pamoja na unene wa mstari wake. Hapa ndipo wengi hujikwaa bila kujua: duara linaloonekana kuwa na kipenyo cha milimita 60, likiwa limechorwa kwa mstari wenye unene wa milimita 1, kwa kweli lina njia yenye kipenyo cha milimita 59, na njia hiyo ndiyo mashine inayoisoma.

Chora mstatili wa 660 kwa 340 na uupe rangi ya buluu. Mashine hutofautisha kazi kwa rangi, na buluu maana yake ni mwongozo usiokatwa. Umbo lililojazwa rangi ya kijivu husomwa kuwa shimo la kuchimbua lote, umbo jeusi hukatwa kwa nje yake, umbo jeupe lenye mstari mweusi hukatwa kwa ndani, na mstari wa kijivu usio na kujazwa hufuatwa na biti katikati yake. Ukisahau rangi, aina ya ukataji inaweza kubadilishwa kwenye skrini ya mashine yenyewe, lakini kuibadilisha kwa mashimo 32, moja baada ya jingine, ni adhabu.

Ndani ya mstatili huo chora duara la kijivu lenye kipenyo cha milimita 60, kitovu chake kikiwa milimita 78 kutoka ukingo wa kushoto na milimita 62 kutoka ukingo wa chini. Lirudie kuelekea kulia kwa hatua ya milimita 72 hadi maduara yawe manane, kisha urudie safu hiyo kuelekea juu kwa hatua hiyo hiyo hadi safu ziwe nne. Kati ya shimo na shimo patabaki ukuta wa milimita 12, ambao unatosha kwa mti mgumu. Ukitaka mashimo mapana zaidi, refusha ubao badala ya kula ukuta.

Zimebaki nyumba. Kila mchezaji ana nyumba moja, ambayo kwa desturi huchongwa mraba ili ijulikane, nayo ni shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya ndani. Kwa kuwa wachezaji hukaa wakitazamana, kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwenzake, na nyumba mbili hazikai uso kwa uso bali kwa mshazari. Katika mchoro wetu kitovu cha nyumba ya kwanza kiko milimita 366 kutoka kushoto na 134 kutoka chini, na cha pili kiko 294 kutoka kushoto na 206 kutoka chini. Futa maduara ya mahali hapo na uweke miraba ya milimita 60. Nimewahi kuona bao zuri la mkongo, lililong'arishwa hadi likawa kama kioo, ambalo nyumba zake zilitazamana moja kwa moja, na hakuna mzee aliyekubali kulichezea.

Sasa urudi kwenye meza ya kazi. Ubao wa bao peke yake ni mdogo kwa mashine hii, kwa sababu kitako cha mashine kikifika ukingoni hukosa pa kukalia na kuinama, na kamera inayotazama mbele hukosa alama za kusoma unapofanya kazi kwenye safu ya mwisho. Dawa yake ni kuuzungushia vipande vya mbao vyenye unene ule ule wa milimita 40, vilivyopigiliwa kwa skrubu juu ya kipande kikubwa cha plaiwudi. Upande wa mbali na wewe viendelee kwa sentimita 20 hivi. Kwa upande wa chini, ulio karibu nawe, na wa kushoto acha mwanya wa sentimita 2 kati ya ubao na mbao za kuuzunguka, kwa kuwa biti itahitaji kushuka hapo wakati wa kutafuta kingo. Ubao wenyewe ushikwe kwa skrubu mbili au tatu kutoka chini ya plaiwudi, fupi kiasi cha kuingia milimita 10 tu ndani yake, na ziwekwe chini ya kuta au pembezoni, kamwe zisiwe chini ya shimo. Klampu zinazopanda juu ya uso hazifai, maana zitagongana na mashine.

Alama za kubandika huja kama utepe mweupe uliochapishwa vibonge vyeusi vyenye madoa meupe, na mtu yeyote aliyekulia pwani atasema papo hapo kwamba ni dhumna. Hakuna dhumna mbili zinazofanana ndani ya utepe, na kwa hilo kamera hujua hasa ipo wapi. Futa vumbi lote kwanza. Bandika vipande vya utepe kwa urefu wa ubao, kimoja baada ya kingine, vikiachana kwa sentimita 8 hivi, kuanzia karibu na wewe hadi kwenye mbao za nyongeza upande wa mbali. Havihitaji kunyooka kama mstari wa rula, lakini visipandane, na kila kipande kiwe na dhumna nne kamili au zaidi. Visugue kwa kadi ngumu ili vishike. Utepe utakaokuwa juu ya shimo utakatwa pamoja na mbao bila madhara, mradi dhumna zilizobaki zinaonekana. Usijaribu kuokoa fedha kwa kutumia tena vipande vilivyobanduliwa, kwani vikishanyooshwa na kukunjwa umbali kati ya dhumna hubadilika, na usahihi wote umejengwa juu ya umbali huo.

Mwanga nao una neno lake. Banda lililo wazi upande mmoja, ambamo jua la saa tisa huingia na kupiga utepe moja kwa moja, litaisumbua kamera, na vivyo hivyo vivuli vya majani vinavyochezacheza chini ya mwembe ambako mafundi wengi hupenda kufanyia kazi. Kivuli kamili chenye taa nyeupe juu yake ni bora.

Washa mashine, anzisha eneo jipya la kazi, na uipitishe polepole juu ya ubao wote na mbao za nyongeza hadi skrini ionyeshe kwamba dhumna zote zimetambuliwa. Eneo hilo huhifadhiwa, na litaweza kufunguliwa hata kesho ikiwa hakuna kipande cha utepe kilichoguswa. Kama kuna kilichobanduka na kubandikwa upya, chukua picha nzima tena. Kuendelea hivyo hivyo ni kujidanganya.

Kabla ya kuendelea, biti ifungwe. Zima swichi ya mota, chomoa waya wake kutoka kwenye mwili wa mashine, legeza skrubu inayoishika, na uitoe mota nzima ili ubadilishe biti ikiwa mkononi mwako na siyo ndani ya mashine. Shina la biti lazima lilingane na koleti uliyonayo, yaani kishikio cha shina la biti, ambayo ni ya milimita 8 au ya robo inchi, na kwa hiyo biti zenye shina la nusu inchi zilizozoeleka kwenye ruta kubwa hazitaingia. Chagua biti ya ond, yaani iliyojisokota, yenye kipenyo cha milimita 6 inayotupa takataka juu, ambayo sehemu yake yenye makali inazidi milimita 20. Ipime kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kisha uandike kipimo halisi kwenye skrini. Biti ya robo inchi ina milimita 6.35, na ukiiandika kuwa 6, kila shimo litapanuka kwa milimita 0.35. Kwa bao hilo ni dogo, lakini kwa kazi ya njumu, ambapo kipande cha mti mwingine lazima kiingie bila mwanya, ni msiba.

Hatua inayofuata ni kuifundisha mashine kingo za ubao ziko wapi. Mota ikiwa imezimwa, shusha biti kwenye mwanya wa chini ulioacha, uigusishe ukingo wa ubao mahali pawili palipoachana vizuri, kisha uende upande wa kushoto na uugusishe mara moja. Kutokana na miguso hiyo mitatu mashine huchora gridi ambayo sifuri yake ni pembe ya ubao. Ingiza faili yako na uiweke ile pembe ya mstatili wa buluu juu ya sifuri. Sasa kila shimo limekaa mahali pake, na unaweza kulihakikisha kwa kuisukuma mashine, mota ikiwa bado imezimwa, hadi kwenye pembe nne za ubao na kuona kama mstari wa buluu unafuatana na ukingo. Ukiona tofauti ya milimita moja upande mmoja, ubao wako hauna pembe mraba au mguso mmoja haukuwa sahihi. Rudia.

Kisha mashine ipimiwe sifuri ya kina. Iweke juu ya mbao tupu, isiwe juu ya utepe wala juu ya mwanya, na uamuru biti ishuke hadi iguse uso. Kipimo hiki kinapaswa kurudiwa kila mara biti inapobadilishwa, hata kama ni biti ile ile iliyotolewa kunolewa na kurudishwa. Mimi niliwahi kukisahau. Biti mpya ilikuwa imefungwa ikiwa imetokeza zaidi ya ya kwanza kwa milimita 7, nikachimba mashimo matatu ndipo nikashangaa kwa nini takataka ni nyingi hivi. Ubao ule sasa ni rafu ya vikombe jikoni.

Kwa kina cha milimita 20 tutakwenda kwa awamu tano za milimita 4. Kanuni ya jumla ni kwamba awamu moja isizidi kipenyo cha biti, na kwa mti mgumu ikaribie nusu yake. Mota ya mashine hii ina wati 720 na kasi yake hurekebishwa kwa gurudumu lenye namba 1 hadi 6, kutoka mizunguko 10,000 hadi 26,000 kwa dakika. Kwa biti ya milimita 6 kwenye mninga anza na namba 4, kisha usikilize. Sauti inayolalamika na kushuka maana yake unasukuma haraka au umekata kina kirefu. Harufu ya kuungua na alama za rangi ya kahawa kwenye ukuta wa shimo maana yake unakwenda polepole mno kwa kasi hiyo, au biti imeisha makali.

Unganisha mashine ya kufyonza vumbi. Tundu lake limetengenezwa kwa bomba la milimita 27, la aina inayotumiwa na Festool, kampuni ya vifaa vya useremala iliyo chini ya kampuni mama moja na Shaper, na bomba jingine litahitaji kiunganishi. Hili si suala la usafi peke yake: vumbi likifunika dhumna kamera haioni, na maranda yakilundikana ndani ya shimo biti huyatafuna upya na kupata joto. Vaa miwani, barakoa na vizuia sauti masikioni.

Fanya jaribio moja kwenye kipande cha masalio chenye unene ule ule, kwa vipimo vile vile, na ukipime shimo kwa kalipa kabla ya kuugusa ubao wenyewe.

Katika kuchimbua, shika mpini wa kulia na wa kushoto kwa uzito sawa. Chagua shimo la kwanza, weka ziada ya milimita 0.5 ili mashine isifike kwenye mstari wa mwisho, kisha bonyeza kitufe cha kijani kilicho mkono wa kulia na biti itashuka. Ndani ya shimo la kuchimbua uko huru kwenda upendako; mashine itakuzuia tu usipite ukingo, na skrini itakuonyesha sehemu ambayo bado haijasafishwa. Zungusha kwa mduara unaopanuka kutoka katikati, ukipita kila mara juu ya nusu ya njia uliyokwisha kupita. Kitufe cha rangi ya chungwa kilicho mkono wa kushoto huiinua biti, na kidole gumba cha kushoto kisiwe mbali nacho hata kidogo. Rudia kwa awamu ya pili hadi ya tano, kisha uende shimo la pili. Wapo wanaopenda kufanya awamu ya kwanza kwa mashimo yote ndipo washuke ya pili, lakini kwa njia hiyo utatembea sana na kubadilisha kina mara kwa mara, na makosa ya kina huingia hapo.

Mashimo yote yakishachimbuliwa, badilisha aina ya ukataji kuwa wa ndani, ondoa ziada iwe sifuri, weka kina kamili cha milimita 20, na uzunguke kila shimo mara moja. Biti sasa inakwangua nusu milimita tu, kwa hiyo haitatetemeka, na ukuta utatoka laini. Kwa ruta ya mkono ukataji wa ndani huzungushwa kwa mwelekeo wa saa, na wa nje kinyume chake, ili biti ipambane na mbao badala ya kuirukia. Mishale ya skrini itakukumbusha. Hapa ndipo duara la kusahihisha lina kazi kweli. Usihangaike kuufuata mstari kwa macho yako kwenye mbao, bali tazama skrini na uiweke alama ya katikati ndani ya duara, ukienda kwa mwendo usiobadilika, na ukihitaji kusogeza miguu, simama kwanza, inua biti, ujipange upya.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo la kawaida mahali pengi, gusa kwanza swichi ya mota na uizime, ili umeme usirudi ukakuta mikono yako iko karibu na biti. Chomoa mashine ukutani. Umeme ukirejea na kutulia, fungua eneo la kazi lililohifadhiwa, pima upya sifuri ya kina, kisha uendelee na shimo lililoachwa. Kabla ya kununua hakikisha pia kwamba umeagiza mashine ya volti 230, kwa kuwa ile ya soko la Marekani ni ya volti 120.

Nyumba mbili za mraba zitatoka na pembe za mviringo zenye nusu kipenyo cha milimita 3, ambayo ndiyo nusu ya biti. Unaweza kupunguza mviringo huo kwa kurudi na biti ya milimita 3, lakini hutaumaliza, na biti nyembamba kiasi hicho kwa kina cha milimita 20 huvunjika kirahisi. Patasi kali ya milimita 12 ni ya haraka zaidi. Iweke bapa juu ya ukuta ambao mashine imekwisha kuunyoosha, ukuta wenyewe ukiwa mwongozo, na uishushe kwa nyundo ya mti kidogo kidogo kutoka pande zote mbili za pembe. Kazi ya pembe nane haizidi dakika ishirini.

Chini ya mashimo patakuwa bapa kama sahani, na bao la kuchezea halitakiwi hivyo, kwa sababu mchezaji huzoa kete kwa vidole bila kutazama, na kete hujificha kwenye kona ya chini kati ya ukuta na sakafu. Chukua bobari, yaani patasi yenye makali yaliyopinda, na uondoe kona hiyo kuzunguka shimo lote hadi ipate mteremko, kisha umalizie kwa msasa namba 120 uliozungushiwa kipande cha mpira, ukifuata na 180 na 240. Bandua utepe wote kabla ya kugusa uso wa juu kwa msasa, na kama gundi yake imebaki, ifute kwa spiriti.

Paka mafuta ya kitani mara mbili, siku moja kati ya mpako na mpako, na vitambaa ulivyotumia uvitandaze nje vikauke vikiwa vimenyooka, maana vikikunjwa pamoja vinaweza kushika moto vyenyewe. Mafuta yakikauka, weka komwe 6 kwenye nyumba na 2 kwenye kila shimo kati ya mashimo mawili yaliyo kulia kwake, kama mchezo unavyoanza, na ujaribu kuzizoa zote kwa mkono mmoja. Komwe ikigoma kwenye shimo lolote, rudi kwenye shimo hilo na bobari.